Mama Alivyojiandaa kwa Mashine ya Moyo

Masharti aliyonipa muuguzi wa hospitali ya Kasongo, ninakoishi, yalikuwa mafupi. Daktari wa moyo angekuja kutoka Kindu na mashine yake, na mama yangu angepimwa miongoni mwa wa kwanza. Avae blauzi inayofunguka mbele. Asijipake mafuta kifuani, maana vibandiko vya mashine havishiki penye mafuta. Vidonge vyake vya kutoa maji mwilini aendelee kumeza kama kawaida.

Mama aliishi Wamaza na dada yake, tuliyemwita mama mukubwa, mwanamke mwenye jibu kabla hujamaliza kuuliza. Niliwapigia simu nikawaeleza yote. "Tumesikia," akasema mama mukubwa. Basi nikaketi kwenye cherehani yangu, nikamshonea mama blauzi ya kitenge cha buluu, vifungo vikubwa ili vidole vyake visipate shida. Nilishona kwa furaha, na furaha ile inaniudhi hadi leo. Kwa muda mrefu mama hakuweza kwenda kisimani bila kusimama njiani. Sasa mtu angeuangalia moyo wenyewe na kusema una nini.

Walifika kwa pikipiki, mama katikati, mama mukubwa nyuma akimkumbatia asianguke. Nilipomwona nilisahau kuwasalimu. Uso ulikuwa umevimba, viatu amevishika mkononi kwa kuwa miguu haikuingia. Alivuta pumzi kwa mabega.

"Mama, dawa unakunywaka?"

"Tuliiacha," alijibu, kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Mama mukubwa ndiye aliyeeleza. "Ile dawa inafichaka ugonjwa. Akikunywa, miguu inapunguka, anakuwa sawa mutu muzima. Sasa mashini itaona nini? Watamurudisha, waseme hana kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nyumbani kwetu ndivyo walivyofanya tangu zamani. Mgonjwa akipelekwa kwa mganga, unaacha kumtuliza kwanza: hakuna majani, hakuna kukanda, ili ugonjwa ujionyeshe mbele ya anayeutafuta. Mama mukubwa hakuwa mjinga wala mbaya. Alimwandaa mdogo wake kama alivyofundishwa, na mimi nilitamani kumzaba kofi.

Usiku ule mama alikataa kumeza hata kidonge kimoja kabla ya mashine. Asubuhi alivaa blauzi. Kifua kilikuwa kikavu, hakina hata tone la mafuta. Sharti hilo walilishika. Daktari akamwambia alale ubavu wa kushoto. Alipolala tu pumzi zikamkatika, tukamwinua haraka. Wakajaribu tena, ikawa vilevile. Mwishowe alipimwa akiwa amekaa, ameniegemea, na kwenye kioo cha mashine nikaona kitu kikubwa cha kijivu kikijivuta kwa shida.

"Nimekuletea ugonjwa yote, dokta," mama akasema. "Sikuficha kitu."

Daktari aliposikia habari ya vidonge hakumkaripia. Aliagiza sindano, akaniita mlangoni. Moyo umechoka, alisema, lakini wapo wanaoishi na moyo kama huo miaka, kwa vidonge hivyohivyo alivyoviacha.

Niliporudi mama aliniuliza, "Wameuona?"

"Wameuona, mama."

Alifungua fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni. Vidonge vyote vilikuwa humo, vimetunzwa vizuri. "Basi kesho nitaanza tena," akasema.

Sindano haikumwahi. Alifariki kabla ya jua kutua, mama mukubwa akimkanda miguu, kwa kuwa sasa ugonjwa ulikuwa umeshaonekana na kukanda kuliruhusiwa. Tulimzika na blauzi ile. Sikuweza kuivumilia nyumbani.

Mama mukubwa hajawahi kuniuliza daktari alisema nini mlangoni, nami sijamwambia. Lakini siku hizi miguu yake nayo imeanza kuvimba, na kila nikimpigia simu, hata salamu hatujamaliza, huniambia: "Dawa ninakunywaka, mwana wangu. Kila siku."