Sugu za Gundi

Mwanangu, siku ya ndoa yangu nimeisahau nusu, lakini ile Jumamosi Fidèle alipokuja kwetu mtaa wa Bel-Air kujionyesha kwa baba yangu nakumbuka hata harufu yake. Ilikuwa harufu ya gundi ya viatu.

Keti vizuri nikueleze. Baba alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba tangu ujana wake. Viganja vyake vilikuwa vigumu kiasi kwamba aliipua sufuria kwenye mbabula, makaa yakiwaka, bila kitambaa, huku mama akipiga kelele. Kwa baba, cheti cha mwanaume kilikuwa mkononi mwake. Mchumba akija, baba humpa mkono, haachii, anaupapasa kama mtu anayechagua parachichi sokoni, ndipo anatoa hukumu. Kabla ya Fidèle alikuwa amekuja karani mmoja, viatu vinang'aa. Baba alimshika mkono, akamtazama kwa huruma.

"Mutoto," akamwambia, "mikono yako iko laini sawa mukate. Rudia kwenu, mama yako iko anakungojea."

Karani yule sikumlilia. Lakini Fidèle nilimpenda, na nasema wazi. Sikuona haya wakati ule na leo sioni. Alikuwa mshonaji. Ndiye aliyenishonea blauzi ya kwanza isiyonibana kwapani, na mwanamke hasahau jambo kama hilo. Shida ni kwamba baba aliiita cherehani kazi ya kukaa kivulini. Basi nikamwonya mwenzangu: "Papa anaangaliaka tu mikono." Nilidhani ataiosha na kukata kucha.

Kumbe yeye alikwenda kwa rafiki yake mshona viatu, akaomba gundi, akaichanganya na unga wa mahindi, akajidondoshea viganjani tone kwa tone. Matone yalipokauka akayasugua kwa majivu. Alijitengenezea sugu za kuwatosha wanaume wawili, na mimi sikuambiwa kitu.

Alipofika, baba akampa mkono. Akapapasa. Nikiwa mlangoni mwa jikoni nikaona nyusi za mzee zikipanda.

"Ah bon," akasema. "Huyu njo mwanaume!"

Mama akakimbilia viti. Mimi nikamshukuru Mungu, mapema mno, maana baba hakuuachia ule mkono. Furaha ilimshika, akaanza kusimulia habari za tanuru, na masimulizi ya baba hayakuwa na breki. Fidèle akaanza kuogopa. Na mtu akiogopa, mwanangu, viganja hutoa jasho hata katika baridi ya mwezi wa sita. Jasho likapanda kutoka chini, gundi ikalegea juu. Njia ya mwongo ni fupi. Baba alipofungua mkono wake ili aonyeshe ukubwa wa ndoo ya shaba iliyoyeyuka, sugu kadhaa zilikuwa zimehamia kwake.

Akazitazama. Akazinusa.

"Kijana," akasema polepole, "hii ngozi unaniachia, iko avance ya dot?"

Eti kianzio cha mahari! Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Baba hakucheka. Alionyesha mlango na kusema hampi mwongo binti yake, atoke, na asirudi tena. Fidèle naye, kwa aibu, alikuwa amekunja ngumi, na ile gundi yenye jasho ikavishika vidole vyake. Alifika kwenye mlango akashindwa kuufungua.

Aliyemwokoa ni Tantine Béatrice, mdogo wa mama, muuguzi wa zahanati, aliyekuwa amekuja kutusalimu.

"Shemeki," akamwambia baba, "usimufukuze muntu na ngumi imefungika. Bajirani batasema mulipigana."

Akamkalisha jikoni, akaleta beseni la maji ya moto na sabuni, halafu akachukua chupa yangu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Sasa, Tantine hakuweza kumwosha mtu bila kumfundisha.

"Weye unafikiri ngozi iko kintu moya tu, sawa plastiki?" alimwuliza huku akisugua. "Ile ya juu unaona, iliishaka kufa. Kazi yake kulinda, na kila siku inapukutika. Ya chini yake njo inazaa. Ukishika nyundo kila siku, ile ya chini inasikia, inatuma ingine, na ingine, mpaka inakuwa sugu. Sugu inatokaka chini, bwana. Abaipakake juu sawa siagi, hapana!"

"Ndiyo, Tantine."

"Na chini tena njo kuko damu, na bifuko ya jasho, na mishipa ya kusikia maumivu."

"Aïe!"

"Unaona? Mishipa yako inatumika muzuri."

Moja baada ya nyingine sugu za gundi zikatoka. Ikabaki moja, ubavuni mwa kidole gumba. Tantine akaongeza dawa. Haikutoka. Akaongeza sabuni, akasugua hadi jasho likamtoka yeye, akauliza hii kole, gundi hii, ilitoka fasi gani. Mwishowe akachukua jiwe la kusugulia visigino. Fidèle akaruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Tantine, wacha! Hiyo iko yangu!"

Baba, aliyekuwa akisikiliza yote huku akijifanya hasikilizi, akaingia na miwani yake. Akakiinua kile kidole kwenye mwanga, akaibonyeza ile sugu kwa ukucha.

"Ni ya nini?"

"Ya makasi, papa. Ya kukata bitambaa."

"Inauma?"

"Apana. Pale haiumaka tena."

Baba akaweka kidole gumba chake kando ya kile cha Fidèle, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu.

"Sasa juu ya nini uliifunika?"

Fidèle akainamisha kichwa. "Niliona iko kidogo."

Mwanangu, nilimwona baba akivua miwani. Hakusema neno juu ya cherehani, siku ile wala baadaye. Alimgeukia mama tu: "Ongeza unga ya bukari, huyu anakula hapa. Lakini anawe tena, ananuka kole." Mimi nililia kwenye moshi wa mbabula ili watu wadhani ni moshi.

Basi sikia nasaha yangu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ngozi yako inajua ulichofanya na ulichoogopa, inakuandika kutoka ndani, kwa hiyo usihangaike kubandika juu kile kinachopaswa kuota chini. Na hasa, usikifunike kilicho chako kwa sababu unakiona kidogo mbele ya wakubwa. Nusura nimkose mume mwema, si kwa kukosa sugu, bali kwa kuificha aliyokuwa nayo.

Mungu akupe kazi ya kukutoa jasho, na upepo wa kulikausha. Akulinde na moto, na baridi, na maneno ya watu. Na siku mtu mzito atakapokupa mkono, akushike atakavyo, aachie atakapochoka, nawe urudi nyumbani na ngozi yako yote.