Mama Aliombea TV Yangu

Nimesalitiwa na mtu alinizaa mwenyewe.

Siku nne TV imekataa kuwaka. Nimejaribu soketi zote za nyumba, nimeazima extension ya jirani, nimepuliza vumbi huko nyuma mpaka nikakohoa.

Mama alikuwa hapo tu, akiniangalia. Alitoka Tongaren akakuja hapa kwangu Kitale tupukuchue mahindi. Jana hata aliweka mkono juu ya TV akaiombea. Na mimi nikasema amina, bana. Kwa sauti.

Kwa hizo siku nne tumemaliza magunia tatu. Kwa mkono. Vidole yangu haikunji.

Leo nimeibeba mpaka kwa fundi, imefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Fundi hata hakuigusa. Alishika plagi, akaifungua na bisibisi, akaniangalia kwa huruma.

"Ndugu, fyuzi iko wapi?"

Watu kwa duka wakacheka.

Na si ni mimi nilifundisha Mama kutoa fyuzi, wakati pasi yake iliharibika? Ati nikamwachia na bisibisi!

Nimerudi nyumbani nikiwaka. Mama ameketi na beseni yake, anapukuchua. Nikamuuliza. Hata hakukana. Alifungua fundo ya leso, na fyuzi hiyo hapo, imelala na dawa zake za presha.

"Mahindi ikiisha, itapona."

Akafunga leso. Akanisukumia gunia.

Zimebaki mbili. Wale mnataka kukuja kuombea TV yangu, karibuni. Lakini mkuje na vidole.