Mvua ya Kijapani Ukutani Ambondrona

Iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki moyoni, mwanangu, na kwa kuwa sasa umeanza kushika brashi mwenyewe, naona nikusimulie. Usinihimize tu. Mimi na haraka tuliachana zamani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Kwetu ni Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, lakini wakati ule nilikuwa kisiwani Nosy Be, nikiishi na shangazi wa baba, Koko Mwanaesha. Koko ndivyo sisi watu wa asili ya Komoro tunavyomwita bibi. Kazi yake ilikuwa kupaka maua kwenye masanduku ya maharusi, nami nilikuwa mwanafunzi wake. Baba hakuamini kwamba kuchora ni kazi. Alisema Ramadhani ikiingia kabla sijapata kitu cha kueleweka, nirudi nikauze vitambaa katika duka la mjomba kule Tsaramandroso. Mjomba alikuwa mtu mwema, lakini duka lile sikulitaka hata kidogo.

Basi hoteli moja ya Ambondrona, ufukwe wa hapohapo kisiwani, ikatuletea kazi. Mwenyewe, Mfaransa mnene mcheshi, alikuwa na kalenda aliyopewa na Wajapani waliokuwa wakivua kamba, wale wa kuliwa, katika maji ya kwetu. Kila mwezi ulikuwa na picha ya zamani ya Kijapani, zile wanazochonga kwenye ubao, wakaupaka rangi na kuugandamizia karatasi. Alitaka tumchoree kwa mkono, kubwa, juu ya mbao, azitundike ukumbi wa kulia. Zikimpendeza, vyumba vyote vya hoteli vingekuwa vyetu kuvipamba.

Ah, tuliifurahia kazi ile! Buluu ya mbingu ilikuwa nzito juu, halafu ikififia taratibu hadi isionekane. Koko aliipata kwa kitambaa kibichi, baada ya kuharibu ubao mmoja na kuutukana kwa Kisakalava. Picha moja ilikuwa ya daraja lenye kunyeshewa; mvua yake ilikuwa mistari myembamba, na kila mstari aliuvuta huku amezuia pumzi. Picha nyingine ilikuwa na vitu vyeupe juu ya mapaa, tukabishana siku nzima. Koko akashikilia kwamba ni pamba ya msufi. Kumbe theluji, mwanangu! Tungeijulia wapi?

Pembeni mwa kila picha kulikuwa na maandishi ya Kijapani na muhuri mwekundu. Hayo Koko hakuyachora. Unaijua desturi yetu, karatasi yenye maandishi haikanyagwi wala haitupwi jalalani, maana huenda imebeba jina la Mungu. Koko aliyapa heshima hiyohiyo hata maandishi asiyoweza kuyasoma.

Asubuhi tuliyopeleka kazi, mwenye hoteli alizisifu sana picha, kisha akakunja uso. Nilikuwa nikifasiri, maana Koko hakuwa na Kifaransa.

"Maandishi yako wapi? Na ule muhuri?"

"Mwambie siandiki nisichokisoma mahali watu wanapokunywa pombe," alisema Koko. "Huenda ndilo jina la Mungu kwa watu wale."

"Lakini bila maandishi, wageni watajua zimechorwa hapahapa!"

"Na wajue."

Mfaransa akasema kama ni hivyo, hazitundiki. Nikaliona duka la mjomba mbele yangu, na vitambaa vyake vyote. Nikamnong'oneza Koko anipe mimi brashi, niyachore upesi, si vimistari tu?

Akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Hujui unasema nini, na bado unataka kukisema ukutani?"

Meza ya jirani alikuwapo Mjapani mmoja, fundi wa injini wa meli zilezile, anakunywa kahawa. Alikuwa amekaa Mahajanga miaka, na Kimalagasi kilimtoka vizuri. Akaja, akaitazama kalenda, akacheka. "Si Mungu, mama. Hili ni jina la daraja. Na hili, pamoja na muhuri, ni jina la mchoraji."

Koko alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Nami nikashusha pumzi, nikajua yamekwisha. Lakini alipomaliza kucheka akatikisa kichwa.

"Kumbe ni jina la mtu! Basi ndiyo kabisa siliandiki. Yeye hajaugusa ubao huu. Nimbandike jina lake juu ya makosa yangu? Daraja nitaliandika, bwana huyu akinielekeza. Chini yake tutaandika majina yetu sisi tuliochora."

Nikafasiri neno kwa neno. Mwenye hoteli akajikuna kidevu, akaiangalia ile mvua, akamwangalia Koko, akaiangalia tena mvua. Mwishowe akamwita mfanyakazi alete nyundo na misumari.

Koko akaandika jina la daraja, Mjapani akimsimamia kila mstari. Kisha, kwa herufi za Kiarabu, akaandika kwamba picha imechorwa Nosy Be kwa kumfuata mchoraji wa Kijapani, akaweka jina lake. Halafu akanipa brashi. "Na lako."

Ajabu, mwanangu. Dakika chache kabla nilikuwa tayari kuandika jina la mgeni bila wasiwasi wowote, na sasa langu mwenyewe lilinitisha. Nililiandika. Lilikwenda mshazari kidogo, lakini lilikuwa langu. Duka la mjomba likapata muuzaji mwingine.

Kwa hiyo nakuambia, iga. Iga Wajapani, iga Wafaransa, niige na mimi kama utapenda, maana hivyo ndivyo mkono unavyojifunza. Usichokielewa, kiulizie kwa anayekijua kabla hujakiweka mbele za watu. Na ukimaliza, mtaje uliyemfuata, kisha uandike jina lako, hata kama mwenye pesa amenuna, hata kama mstari umepinda. Mungu akupe jicho la subira na mkono mtulivu, na kila utakapoliona jina lako ukutani, ulitazame bila haya.