Muzungu Mwenye Aligonga Meza

Najua batu banasemaka mimi naongezaka chumvi. Kweli, naongezaka. Kwenye ndoa moja kule Columbus nilisema nilibeba friji pekee yangu ku gorofa, mpaka étage ya tatu, kumbe tulikuwa batatu, na friji yenyewe ilikuwa kadogo. Lakini hii ya muzungu, nakuapia, sikuongeza hata chembe. Labda theluji tu, kidogo.

Ule mwaka tulikuwa tunaishi South End, hapa Louisville. Riziki, mutoto yetu mukubwa, alikuwa anamaliza sekondari. Ule mutoto kichwa yake! Unaingiza swali huku, jibu inatokea kule mbele haujafunga mudomo. Akaomba nafasi ku iniversite moja ya Buffalo, mji kwenye mama yangu anaishi. Bon, siku moja akapata mesaji: kuko bwana mwenye alisomaka pale zamani, sasa anaishi Columbus, atapita Louisville siku ya posho, ile jumamosi, saa tisa ya mchana, anataka kuonana naye ku bibliotèke ya Highview. Intaviu.

Mimi nikasema hapana. Mutu alishamaliza masomo, haiko mwalimu, hawamulipe, anatafuta nini kwa batoto ya benyewe? Weye ungeamini? Mimi nikasikia harufu ya serikali. Sababu kulikuwa kitu tulikuwa tunaficha.

Intaviu sisi tunajua. Kambini tulifanya mingi kuliko milo. Familia muzima inaingia, bote munasema hadisi moja, tarehe moja. Na kwenye dosye yetu, ile faili ya kambi, Riziki ameandikwa ni mutoto yangu ya kwanza. Haiko yangu. Ni ya yaya yangu Byamungu, kaka yangu mukubwa, fundi ya mbao. Siku tulikimbia vita, alinipa ule mutoto ku mikono, akiwa na miezi munane. Akaona biatu yangu imepasuka. Akavua yake, akanivalisha, akarudi miguu bure kutafuta bibi yake. Hakuna mwenye alirudi kati yabo. Kambini tukaogopa: tukisema yatima, bataweka mutoto ku dosye ingine, ku ndege ingine. Tukaandika yetu. Riziki mwenyewe hakujua. Kila siku ya Mungu mama yangu ananipigia: "Mwambie mutoto." Mimi: "Kesho, mama." Ile kesho yangu ilikuwa imefikisha miaka kumi na saba!

Donc siku ya posho tukaenda bote batatu. Mimi na kostime ya kanisa, mama Riziki na kitenge juu ya kitenge, na ule mufuko mweupe ya plastiki wenye tulikuya nao ku ndege, na karatasi yote, mpaka foto ya mapafu. Ku motokari nikaanza kumuuliza Riziki: "Babu yako alizaliwa wapi?" Akanijibu na kingereza chake eti anakufa na haya, hakuna mutu anapelekaka bazazi ku hii kitu. Halafu akasema vizuri: "Papa, huku haiko kambi!"

"Njo vile banasemaka," nikamujibu, "mpaka siku banawarudisha."

Tunaingia. Muzungu muzee eko ku kona, koti ya majivu. Mbele yake viti tatu, tayari. Tatu! Mesaji ilisema Riziki peke yake. Nani alimuambia? Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na kalamu, hakukuwa na telefone. Muzungu ya Amerika bila telefone, ulishaona weye? Na kahawa yake ilitoa moshi toka saa tisa mpaka saa kumi. Niliihesabia, niamini.

Akamuuliza Riziki kwa kingereza anataka kusoma nini. Riziki akasema kujenga manyumba. Muzungu akafurahi. Hapo mama Riziki akaangusha karatasi ya chanjo, akainama chini ya meza kuiokota. Akarudi juu amenyamaza. Mama Riziki kunyamaza, ile tu ni muujiza.

Sasa sikiliza. Ule muzungu akakunja kidole, akagonga meza mara mbili, akaweka sikio.

"Hii haiko mbao," akasema. "Ni buongo, banaipaka tu rangi."

Kwa Kiswahili! Na haiko ile Kiswahili ya bapadri. Yetu, ya kwetu kabisa. Damu yangu ikaganda kuliko maji ya Buffalo. Sababu duniani nilijua mutu moja tu mwenye alikuwa anakaribishwa kwa batu, na mbele ya kula anagonga meza yabo na kuitukana.

"Mutoto, baba yako ni nani?"

Riziki, macho nje, akanionyesha mimi. Muzungu akagonga.

"Weye, mudogo. Baba yake ni nani?"

Mudogo! Nikasema, hawa ba serikali bamefika mbali, bamejifunza mpaka sauti ya yaya yangu. "Mimi," nikasema. Akagonga. "Ni mimi, bwana, iko kwenye karatasi!" Nikamusukumia foto ya mapafu. Hata hakuiangalia. Akainua kidole mara ya tatu, akangoya.

Nikisema kweli, dosye inapasuka, tunarudishwa. Nikidanganya, Riziki anakosa Buffalo. Nikaangalia kile kidole. Ukucha, nusu nyeusi, sawa ya mutu mwenye nyundo imemukosea. Mudomo ikafunguka pekee yake.

"Ni Byamungu. Yaya yangu. Mimi nilipokea tu."

Kidole ikashuka polepole, haikugonga. Akacheka, akaweka mukono ku kichwa ya Riziki, akatoka. Riziki hakumufuata na macho. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nikakimbia nje. Theluji ilikuwa mpaka magoti (bon, mpaka kisigino). Banasemaka mizimu haiachake alama. Buongo! Aliacha. Toka mulango mpaka ku motokari yangu, miguu bure, vidole tano, tano. Pale ku mulango ya motokari, zinaisha.

Mama Riziki eko nyuma yangu. "Hakukuwa na biatu. Niliona chini ya meza."

"Na haukusema?"

"Ningesema nini? Weye ulikuwa unaonyesha mutu mapafu!"

Ku nyumba, Riziki akafungua telefone, yenye nilimufungisha toka asubuhi. Kuko mesaji ya asubuhi: bwana ya Columbus anaomba musamaha, theluji imefunga barabara, hakutoka ku nyumba yake. Nikapigia mama yangu. Mbele nifungue mudomo, akauliza: "Donc amefika?"

"Mama, umefanya nini?"

"Mimi naombaka tu. Nilisema, Mungu, kama huyu mudogo hataki kusema, mwenye mutoto akuye aseme." Halafu akauliza: "Alikula?"

Riziki hakusema na mimi siku tisa. Ya kumi akanikuta ku jikoni, akavuta kiti. "Alikuwa mutu ya namna gani?" Tukaongea mpaka sufuria ya bugali ikaungua. Hapa singeongeza kitu hata ukinilipa. Ule bwana ya kweli akamufanyia intaviu kwa telefone, mimi nyuma ya mulango nasikiliza kama atagonga. Hakugonga. Buffalo bakamupokea, na dosye yetu hakuna mwenye aliiuliza mpaka leo.

Sasa ananiita Papa mudogo. Mara ya kwanza ilinikata sawa kisu. Leo kama ananiita Papa tu, najua anataka kitu.

Na weye mwenye unanisikia, kama kwenye dosye yako kuko mutoto mwenye hajui, mwambie leo, ku meza yako, chakula ingali moto. Usingoye mutu mwingine amuulize mbele yako.

Nimenunua biatu, namba arobaini na tatu, nimeiweka ku mulango. Mama Riziki anasema nimepata wazimu. Sawa. Lakini siku theluji imeanguka hapa Louisville, ukakuta muzungu muzee miguu bure anagonga meza ya batu, usimukimbie, na usimudanganye. Mwambie biatu yake iko kwa mudogo yake.