Cheti cha daktari wa simu na usiku wa Ijumaa ulionikosesha uhamisho

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Sitaji hoteli wala huo mtandao wa madaktari, kwa hiyo msinifuate inbox kuuliza. Majina ya watu nimebadilisha pia.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Madagascar. Naishi Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, nyumbani kwa mama mkwe. Kazi yangu ni mikate na keki kwenye hoteli moja iko Antsanitia, kijiji cha ufukweni kaskazini ya mji. Gari la kazini linatupitia alfajiri na kuturudisha jioni.

Mume wangu, tumwite Saidi, ni fundi wa mashine za boti. Yeye yuko Andilana, kisiwani Nosy Be, kwenye hoteli dada ya hii yetu. Ukitaka kwenda kwake unapanda gari la abiria mpaka mgongo uombe poo, halafu boti. Kwa hiyo ndoa yetu kwa muda mrefu ilikuwa ya simu.

Kama mtashangaa Kiswahili changu kinakuja kuhemea humu, ni kwamba huku sina wa kuongea naye. Mtaani ni Kimalagasi, ofisini Kifaransa. Mama mkwe, Bi Zainaba, asili yao Ngazija, anaongea Kikomoro, basi tunaokotana maneno. Yeye akisema lake na mimi langu, tunakutana katikati.

Sasa twende kwenye kisa.

Andilana walikuwa wanataka mtu wa keki. Nikaomba uhamisho. HR wetu, mama mmoja wa makamo nitamwita Madame Lalao, akaniambia wazi: jina lako nalipeleka, ila faili liwe safi. Utoro wa siku moja tu, jina linatoka.

Nikasema hilo tu? Mbona jepesi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria mapazia ya chumba cha Andilana.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na harusi Mahabibo, Ijumaa. Bwana harusi ni mtoto wa dada yake Bi Zainaba, dada wa tumbo moja. Nikaomba ruhusa ya hiyo Ijumaa, nikanyimwa. Wageni ni wengi, jiko linahitaji watu. Sikununa. Nilijiambia harusi zitakuja nyingine, Andilana haiji mara mbili.

Alhamisi jioni nimerudi kutoka kazini, mwili siuelewi. Viungo vinauma, kichwa kizito. Kabla magharibi haijatulia nikaanza kutetemeka, meno yanagongana yenyewe. Bi Zainaba alikuwa kwenye mkeka na msahafu wake, ubani unafuka, maana usiku ule huwa haachi Yasini yake. Akaisoma hadi mwisho huku ananitazama kwa pembe ya jicho. Alipomaliza akaja kunishika paji la uso, akasema, "Yallah, mwanangu, umekuwa chungu cha motoni."

Ijumaa sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilimtumia msimamizi wa jiko ujumbe kwamba naumwa, naye akajibu neno moja: karatasi. Yaani lete cheti cha daktari, ED kama tunavyoiita kwetu.

Mtaani tangu mchana watu wanapita wamependeza, ngoma zinasikika, na mimi natapika kwenye beseni. Mtandao wa intaneti nao siku hiyo ulikuwa umekata, umeme hivyohivyo.

Jumamosi asubuhi nikapata nguvu kidogo ya kukaa. Daktari tunayemzoea alikuwa amesafiri, na foleni ya hospitali mimi nisingeiweza, hata kusimama nilikuwa nashikiliwa. Wifi yangu akasema siku hizi kuna madaktari wa video, unalipa kwa simu, anakuona, cheti kinakuja hukohuko. Hoteli inavipokea, tulishatangaziwa.

Tukasimamisha simu kwenye chupa ya chai.

Bi Zainaba kusikia daktari ataonekana, akaenda kubadilisha leso. Akarudi na ile mpya ya harusini, kajifunga kichwani vizuri, kakaa mbele ya simu utasema yeye ndiye mgonjwa. Nikimwambia Mama sogea kidogo, anasema, "Daktari ajue huyu ana wenyewe."

Daktari akatokea. Kijana mpole, mtu wa milimani huko mji mkuu, Kimalagasi chake kilichonyooka, si hiki chetu cha pwani. Akaniambia nitoe ulimi, nivute pumzi, nibonyeze tumbo. Nikavifanya. Mama akawa anajibu nusu ya maswali kwa niaba yangu, maana sauti yangu haikuwa inatoka.

Likaja swali: homa ilianza lini?

Mama akajibu kwa kujiamini kabisa. Usiku wa Ijumaa.

Daktari akanigeukia mimi kwa Kifaransa, kuhakikisha. "Vendredi soir?"

Nikasema oui.

Wakuu, hapo ndipo nilipojimaliza. Neno moja tu, oui.

Akanituma kupima malaria, jioni ikathibitika, akaniandikia dawa na cheti. Alikuwa ameshanieleza kwamba mapumziko anayaanzisha asubuhi ya baada ya homa kuanza, basi mimi roho kwatu. Cheti kikaingia kwenye simu. Nikatazama siku za kupumzika, nikaona zinatosha, nikafumba macho. Niliona pale juu pameandikwa Jumamosi, nikadhani ni tarehe ya kuandikiwa.

Nimepona, nimerudi kazini, cheti nimekipeleka. Madame Lalao akaniita ofisini.

Akakigeuza kile cheti kuelekea kwangu, akaweka kidole. "Hiki kinaanza Jumamosi. Daktari anasema homa ilianza Ijumaa usiku. Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa kitandani.

Akasema, "Ijumaa ndiyo siku uliyoomba ruhusa ya harusi."

Hapo ndipo akili ikanijia. Wenzangu wa Tanga, Unguja na Mombasa mmeshanielewa. Kwa wasioelewa: kwa wazee wetu siku inaanza jua likizama. Alhamisi ikishaingia magharibi, tumeshaingia Ijumaa. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, ndiyo maana watu wanasoma Yasini. Bi Zainaba alisema sawasawa kabisa, na mimi nikakubali kwa sababu nimelelewa hivyohivyo, hata masikio hayakushtuka. Daktari wa watu naye akaandika alichosikia. Kwake usiku unafuata mchana wake.

Kwa hiyo kwenye karatasi mimi Ijumaa nilikuwa mzima wa afya, nimecheza harusi mchana kutwa, jioni nikaugua.

Jaribuni kumweleza HR hilo kwa Kifaransa. Nilijieleza mpaka nikajisikia mwongo mwenyewe. Madame Lalao si mtu mbaya, alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema hajawahi kusikia Alhamisi inayoitwa Ijumaa.

Jioni nikamtafuta yule daktari kwenye mtandao wao. Nilimpata baada ya kupiga sana. Mama akamweleza, safari hii bila leso ya harusi, amekasirika. Kijana wa watu akaomba radhi kwa adabu, akaandika karatasi ya pili kwamba mgonjwa anaeleza dalili zilianza Alhamisi jioni.

Nikaipeleka. Madame Lalao akaisoma, akauliza swali moja. Hii imetoka kabla au baada ya mimi kukuuliza?

Baada.

Akaiweka juu ya ile ya kwanza, akaanza kuandika barua ya onyo. Na kusema kweli, ningekuwa yeye na mimi ningefanya hivyohivyo.

Nikarudi nyumbani nikalia. Sikulia kwa ajili ya kazi. Nililia kwa sababu nilishamwambia Saidi ahamishe kitanda dirishani.

Kesho yake alfajiri natoka kusubiri gari la kazini, namkuta Bi Zainaba yuko mlangoni amevaa, mkoba mkononi.

"Mama, wapi?"

"Kazini kwako."

Wakuu, mama mkwe hazuiliki. Dereva mwenyewe ni kijana wa Mahabibo, akamfungulia mlango wa mbele, sisi wafanyakazi tukabanana nyuma.

Sikuwepo wakati anaingia kwa Madame Lalao, niliitwa baadaye nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Nikamkuta amekaa, anaongea taratibu, Kimalagasi chake cha huku kwetu, na Madame Lalao kaacha kalamu mezani.

Alikuwa anasema hivi: "Sikuja kubishana na karatasi yako. Nimekuja kukwambia kwamba yule bwana harusi nimempakata mimi kabla mama yake hajaamka kitandani. Nilimtafunia ndizi. Na siku anaoa sikuwepo. Nilikuwa nashika beseni la huyu. Dada yangu mpaka leo hajanijibu salamu. Ulizia Mahabibo yote."

Halafu akasema, "Sasa wewe niambie, ningeikosa harusi ile kwa ajili ya uongo?"

Mimi sikujua hilo la dada yake. Naishi naye nyumba moja, nakula naye sahani moja, hakuniambia kwamba amenuniwa. Kumbe ile leso mpya aliyojifunga mbele ya daktari ndiyo sare ya harusi. Hakupata pengine pa kuivaa.

Niliona aibu, na nikampenda yule mama kuliko siku zote nilizomjua.

Madame Lalao akalivuta faili langu. Akamjibu kwa heshima, akamwita Mama, akasema nakuamini. Barua ya onyo akaichana palepale. Ile Ijumaa ikahesabiwa siku isiyolipwa, si utoro.

Tukashukuru. Nikauliza, na uhamisho?

Akanitazama kwa huruma, na huruma ya HR mnajua maana yake. Majina yalishakwenda Andilana juzi yake, langu alikuwa amelitoa. Ameshachukuliwa mwingine, msichana wa Hell-Ville, hukohuko kisiwani.

Basi. Ndiyo imetoka hiyo.

Nilimwambia Saidi kwa simu. Hakusema mengi, yeye si mtu wa maneno. Akasema sawa, rudisha moyo nyuma.

Zikapita wiki, akanitumia ujumbe: nitafika usiku wa Jumapili.

Mimi sasa nimeshapata somo langu, nimekuwa mtu wa kalenda. Nikaenda kuomba Jumapili niwahi kutoka, nikapewa. Nikapanga nisuke nywele Jumapili asubuhi, ninunue kaa, kila kitu kwa mpangilio.

Jumamosi asubuhi Bi Zainaba ananiambia leo uwahi kurudi. Nikasema haya Mama, bila kuwaza. Niliporudi jioni, kichwa kimefungwa kitambaa cha jikoni, nanuka hamira, nyumba nzima inanukia nazi.

Mlangoni kuna viatu vya kiume, vina tope la safari.

Saidi yuko ukumbini anakunywa chai.

Nikamwambia, mbona umekuja kabla ya siku?

Akashangaa kweli. "Nilisema usiku wa Jumapili. Si ndiyo huu?"

Lo! Bi Zainaba alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliyekwenda kubishana na HR, nikaita daktari mara ya pili, hadi mama wa watu akapanda gari la kazini kunitetea, ndiye niliyekosea usiku wa mume wangu mwenyewe.

Halafu nikaona nyuma ya mlango sanduku lake la spana, lile la chuma, zito, halibebwi na mtu mmoja. Mtu wa likizo hasafiri na sanduku la spana. Nikamuuliza hili la nini? Akasema kuna karakana ya boti hapa bandarini inataka fundi, ameshazungumza nao, Andilana ameaga.

Nilikaa palepale sakafuni na vumbi langu la unga.

Nilichojifunza, wakuu: daktari wa simu hana shida, alinitibu vizuri na nilipona. Ila ukiulizwa ugonjwa ulianza lini, taja tarehe, acha habari za usiku wa nini. Na cheti kisome kabla hujakata simu, usitazame siku za kupumzika tu kama mimi. Na kama una mama mkwe wa namna hii, muulize mara mojamoja nani amemnunia.

Yeye na dada yake wameshapatana. Mimi ndiye niliyepeleka keki.

Karibuni mseme, hasa nyie wa bara: kwenu usiku wa Ijumaa ni upi? Na kuna aliyewahi kuponzwa na ED ya video? Msinitukane tu.

Mimi naishia hapa, ubani umeshawashwa na Mama amefungua msahafu. Ni usiku wa Ijumaa huku, nyie hesabuni wenyewe leo ni siku gani.