Nilikodi intaneti yenye spidi kali siku ya posa, nusura nimkose Furaha

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Goma, na mashahidi wamo humu humu. Nikidanganya wataniumbua.

Siku ya kumposa Furaha, baba yake mkubwa, mwenye neno la mwisho, alikuwa Kanada. Ikabidi atoe jibu kwa video.

Mimi ndiye mposaji, na mimi ndiye fundi wa kompyuta. Nikakodi kifaa cha satelaiti, nikapima spidi, nikajigamba. Muzee huyo wa Kanada alionekana mpaka mvi za kidevuni.

Msemaji wetu, Papa Anselme wa Kibumba, akasimama.

"Muzee, munatupatia mutoto?"

Kimya. Muzee anatutazama tu.

Sasa kwetu, mzee akinyamaza kwenye posa ujue anakataa kistaarabu. Msemaji mzuri hasubiri aibu, anageuza maneno haraka.

"Ao munatuona kama watu wabaya?"

Muzee akatabasamu. "Ndiyo! Na moyo yote!"

Papa Anselme akajaribu tena: "Basi, turudie siku ingine?"

"Hapana! Ata kidogo!"

Papa Anselme akachukua kofia yake. Nyuma ya pazia nikamsikia Furaha analia. Wakuu, niliogopa kweli.

Nikatazama sebuleni: simu zote ziko juu! Mashangazi na binamu wamejaa kwenye Wi-Fi yangu, wanarusha video za sherehe.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Picha ya muzee inashuka vizuri, lakini sauti zetu zinapanga foleni nyuma ya video za mashangazi. Muzee anajibu sawasawa kabisa, ila anajibu swali lililopita!

Niwaeleze kidogo. Spidi ni wingi wa mzigo unaopita. Delay ni muda ambao neno lako linatumia kufika. Lori la kabichi linabeba kuliko pikipiki ya mtaani Birere, lakini dawa ya haraka utamtuma wa pikipiki. Mimi nilipima lori tu, nikaridhika.

Kuwaomba mashangazi waache kurusha? Jaribu wewe. Nikabadilisha password kimya kimya, nikaunganisha laptop yangu peke yake, nikampigia muzee upya.

"Réseau imekatika!" mashangazi wakalalamikia mtandao. Nikawapa pole, nikasingizia mawingu.

Papa Anselme alikuwa mlangoni, hana habari kwamba foleni imeisha. Akanung'unika: "Huyu muzee iko na kichwa nguvu!"

"Nimekusikia!" Muzee kajibu palepale.

Kisha muzee akatugeukia sisi wote:

"Mutoto nilishawapatia tangu mwanzo. Ila huyu musemaji, mumurudishe Kibumba!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, acheni tu.

Funzo: kabla hujalipia bando kubwa zaidi, pima na delay, tena pima wakati watu wote nyumbani wako mtandaoni. Huenda spidi unayo, shida ni foleni.

Nyie delay imewahi kuwagombanisha na nani? Mwageni hapa. Na mashangazi mnaosoma kimya kimya, karibuni pia. Mawingu yalikuwa mimi.