Wali wa Chuo Shimoni

Chuo kilichopakana na shamba langu hapa Kilifi kina lango la vigae na maua ambayo hata mbuzi hawayataki. Nyuma, upande wangu, kina shimo la taka. Wageni huonyeshwa lango. Mimi nilipewa shimo.

Majina ya wakuu wake wote nayakumbuka, na ya wake zao pia, lakini siyaandiki. Hawastahili wino wangu.

Mjukuu wangu alikuwa akisoma huko, akilala bwenini. Jioni moja akapenya uani, akaketi jikoni kwangu mimi bibi yake.

"Hawe, wamefuta chakula cha jioni. Eti chuo hakina uwezo."

Nilitoka nikatazama shimo. Wali wa nazi uliosazwa mchana umerundikana, maharagwe juu yake, na kunguru wameshiba hata kuruka hawawezi. Chuo maskini hicho!

Nikamsongea sima. Kesho yake akaja na mwenzake, keshokutwa wakawa wanne. Pipa langu la unga likaanza kuonyesha chini. Mjukuu aliliona, akaniambia afadhali aache masomo, arudi Jilore akalime na mamake. Nikajitanda leso, nikaenda chuoni kuuliza habari za wali ule wa shimoni.

Mkuu wa chuo aliniamkia vizuri, shikamoo mama, marahaba, halafu akaniambia suala la taka lina mpango wake: wataadhimisha siku ya mazingira. Nilikwenda kuitazama siku hiyo. Watu wakavaa fulana mpya, wakanywa maji ya chupa, wakala pilau kwenye vibweta vya plastiki, wakahutubiana kuhusu usafi. Jioni vyote vikaja shimoni kwangu. Hotuba tu ndizo hazikutupwa, nazo ndizo zilizofaa kutupwa.

Nikaingia jikoni kwao. Mpishi mkuu, mwanamke wa Malindi, alikuwa akipakua chakula cha mchana. Kila sahani kichuguu.

"Shoga, kasichana kale kembamba kataweka wapi yote hayo?"

"Sasa nimpe sahani inayoonyesha ukingo? Aende akaseme nimemnyima? Kwetu ukimpa mgeni sahani ya hivyo, umemtukana."

"Mgeni gani anayekaa miaka mitatu? Hawa wako ni wa nyumbani. Wape kidogo, anayetaka arudi."

"Wataniita bahili."

"Jioni hawali kabisa. Sasa wanakuitaje?"

Akarudisha nusu ya wali sufuriani. Msichana yule akapata nusu sahani, na mpishi anamwomba radhi kama aliyemkanyaga mguu: "Ni kidogo, mwanangu, niwie radhi, urudi, tafadhali urudi."

Wachache walirudi. Kunguru wakaanza kugombana. Magunia ya mchele yakachelewa kwisha, na chuo kile kisicho na uwezo kikagundua kwamba chakula cha jioni kilikuwa nacho siku zote, kilikuwa kinakizika tu. Mkuu akabandika tangazo ukutani kuushukuru uongozi wake mwenyewe kwa kurudisha mlo. Hewala. Na ajishukuru.

Jioni ya kwanza nilisonga sima ya watu watano kwa mazoea. Giza likaingia, hakuna mtu. Nikasimama uani nikapaza sauti kuelekea bwenini:

"Nyinyi! Leo nimekuwa mbaya?"

Mjukuu akajibu kutoka upande wa pili, mdomo umejaa: "Hawe, ngoja kwanza, tunakula!"